Marehemu Aliyenituma Nkoma

Majirani, kila mmoja wenu amenihoji kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande. Mwenzetu wa duka la dawa nilimpa kisa cha treni, Mama Rehema nikampa cha sungusungu, sasa mnakutana gengeni mnabishana nani kaambiwa ukweli. Basi someni hapa, mniache nipike kwa amani.

Kwanza baba, maana yeye ndiye aliyenituma. Mnamjua kwa jina la Mzee Alfonsi, yule kiziwi anayekaa barazani kwetu Kihonda ameweka redio sikioni, redio asiyoisikia hata neno. Maisha yake yote alituambia yeye ni yatima wa Tabora, hana ndugu, hana kwao. Alitulea kwa Kiswahili kisicho na kabila. Nilipoolewa, upande wa mume ukauliza ukoo wetu, baba akajibu, "Andikeni Mtanzania." Watu wakacheka, ndoa ikafungwa.

Mwaka huu alilazwa kwa ajili ya moyo. Aliporudi nyumbani akaniita, akaniambia nifunge mlango kwa kuwa ana siri. Akaitoa hiyo siri kwa sauti ya kiziwi, hata fundi baiskeli ng'ambo ya barabara akaacha kugonga spoku ili asikie vizuri.

Jina lake ni Masunga. Kwao ni Nkoma, mbele ya Bariadi, Msukuma mtupu. Ujanani alitolewa jeshini akapewa kazi ya kimyakimya ya kuwasaidia wapigania uhuru wa ng'ambo ya Mto Ruvuma. Alivuka kwa Wareno akijifanya mchuuzi wa chumvi, amebeba vipuri vya redio ndani ya chumvi na maagizo kichwani. Kisha wapelelezi wa mkoloni wakaanza kutafuta walikotoka wale wachuuzi. Mwenzake mmoja alinaswa kwa sababu ndugu zake walirubuniwa wakasema. Wakubwa wakaamua Masunga afe. Likapelekwa Nkoma jeneza lililopigiliwa misumari, limejaa mchanga, pamoja na askari wa kuzuia lisifunguliwe. Mtu mmoja tu aliambiwa ukweli, mdogo wake wa kike, Kabula, kwa sababu baba alikuwa amemfuata kisimani kwa siri akamwandaa.

"Na bibi?" nikamwandikia kwenye ubao, maana ndivyo tunavyozungumza naye.

"Mama alilia mchanga," akasema. Vita ile ilipokwisha zikaja nyingine za mipaka mingine, na alipoachiwa alikuwa tayari ana mke Mluguru, ana watoto, ana jina jingine. "Nilikufa vizuri mno, mwanangu. Nikaona haya kufufuka. Nenda ukamtafute Kabula. Mwambie nipo. Nataka kumwona kabla sijafa mara ya pili."

Daktari alishatuonya kwamba safari ndefu hataiweza. Kwa hiyo nilijua kwamba kama Kabula yuko hai, sina budi kuja naye.

Morogoro hadi Tabora

Baba alishikilia niende kwa treni ile ya zamani, kwa kuwa yeye aliondokea Malampaka kwa treni. Nikamwandikia kwamba mabasi yapo. Akasoma, akafuta ubao kwa kiganja, mazungumzo yakaisha.

Saranda nilikula kuku, kama kila mwenye akili anavyofanya akipita Saranda. Wale kina mama wanajua kukausha kuku kwa chumvi na moto peke yake, na mimi ninayepikia harusi niliwavulia kofia. Mbele ya Itigi injini ikakataa, tukakaa porini mpaka watu wakaanza kuitana shemeji. Walioshuka kunyoosha miguu walirudi na asali ndani ya chupa za maji, sijui walimkuta nani huko.

Jirani yangu kitini alikuwa Mama Limi, mkulima wa pamba wa Maswa, anarudi kutoka kumuuguza binti yake Dodoma. Mwili wake ulijaza kiti chake na robo ya changu, na moyo wake ulikuwa hivyohivyo. Nilimwambia ninakwenda kutafuta ndugu wa baba. Akanifundisha kuamkia, "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" jioni, goti likiinama kidogo mbele ya mkubwa.

"Na usifike tu ukataja jina la mtu," akanionya. "Kwetu unasalimia, unauliza ng'ombe, unauliza mvua. Ukipewa kigoda, kaa. Ukipewa chakula, kula. Mwenyewe atakuuliza shida yako. Ukianza na jina, watajua umekuja kukamata."

"Nimeelewa, dada," nikamwambia, na kweli nilielewa. Kuelewa na kufuata ni vitu viwili.

Tabora hadi Malampaka

Kipande hiki nililala, nikaamka, nikalala. Kila nikiamka Mama Limi alikuwa anakula kitu na kunipa nusu. Tulifika Malampaka asubuhi badala ya jana yake. Nilisimama kwenye lile jukwaa nikajaribu kumwona baba yangu, kijana mwembamba na kibegi, anapanda treni bila kujua kwamba anaondoka moja kwa moja. Machozi yakanilenga. Mama Limi akadhani ni njaa, akanivuta hadi kwa mama mmoja tukala matobolwa na maziwa mgando. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, vitafunavyo meno kabla meno hayajavitafuna. Akanikumbatia, akaniachia namba yake, na hapo tukaagana.

Malampaka hadi Nkoma

Mchomoko, kile kigari kidogo cha abiria kinachojazwa kupita kiasi, ulinifikisha Bariadi, na pikipiki ikanitoa Bariadi. Ulikuwa msimu wa pamba. Barazani pamba, kwenye miiba ya njia pamba, kwenye nywele zangu pamba. Dereva wangu alisalimia kila tuliyempita, na wote walijibu kwa urefu, kama vile tuna siku nyingine mfukoni.

Nkoma nikashukia dukani. Mwili ulikuwa unauma, vumbi limenijaa puani, na haraka zangu za Morogoro zikanipanda. Nikamwuliza muuza duka, bila mwangaluka wala ng'ombe, "Samahani, namtafuta Kabula, dada yake Masunga, yule aliyekuwa jeshini."

Waliokuwa wanacheza bao wakaacha kete hewani. Muuza duka akasema hamjui mtu huyo, akaingia ndani. Kisha nikasikia filimbi, na kabla sijamaliza soda yangu nikawa nimezungukwa na wanaume wenye fimbo na pinde. Sungusungu. Siku za karibuni, nilikuja kuambiwa, walipita wageni waliouliza majina ya wazee wa kaya moja, na baada yao zizi la kaya hiyo likavunjwa.

Kiongozi wao, mtemi wa sungusungu, alikuwa Mzee Ng'wandu, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu katika jua lile lote. Alinihoji pale pale mbele ya duka, akiniita mayu, yaani mama.

"Mayu, umetumwa na nani?"

"Na baba yangu."

"Baba yako ni nani?"

"Ndiye huyo Masunga."

Wakatazamana. "Masunga alikufa," akasema taratibu, kwa huruma kabisa. "Mimi mwenyewe nilibeba lile jeneza. Lilikuwa zito, tukasema jeshini wanakula vizuri. Sasa wewe, mayu, una umri gani?"

Nikamtajia. Mzee mmoja akahesabu kwa vidole, akarudia, akatikisa kichwa. "Kaburi lilikutangulia kuzaliwa," akasema. "Marehemu alikuzaaje?"

Hapo watu walicheka, nami nikacheka kwa hofu. Nashukuru kicheko kile, maana kilizishusha fimbo. Mzee Ng'wandu akaamua nipelekwe kwa Kabula mwenyewe aamue. Kwa hiyo shangazi yangu yuko hai! Nilitembea katikati ya pinde nikitabasamu kama bibi harusi, na nadhani ndipo walipoamua kwamba nina kichaa, si mwizi.

Nkoma

Alikuwa ameketi barazani akichambua pamba. Mrefu, mkavu, na pua ya baba usoni kwake bila kupunguzwa hata kidogo. Safari hii niliinamisha magoti. Nikaamkia, nikauliza ng'ombe, nikauliza mvua. Akaleta kigoda, nikakaa. Nikangoja mpaka akaniuliza shida yangu, nami nikamweleza yote mbele ya Mzee Ng'wandu na watu wake.

Alinisikiliza huku vidole vikitoa pamba kwenye vikonyo bila kusita. Nilipomaliza akasema, "Pole na safari, mwanangu, ng'wanone. Kaka yangu Masunga ni marehemu. Kaburi lake lile pale."

Nikamwonyesha picha ya baba kwenye simu. Akaitazama, akanirudishia. "Wazee wote wanafanana."

Nikapiga simu nyumbani, mdogo wangu akamshikisha baba. Mnajua wenyewe kilichotokea. Sauti ikalipuka mpaka kuku wakakimbia, "Hallo! Hallo! Hakuna kitu hapa, imekata!" Akaitupa simu.

"Marehemu ana sauti nene," Mzee Ng'wandu akasema.

"Kaka yangu hakuwa kiziwi," Kabula akasema, akarudi kwenye pamba yake.

Sikuwa mwizi tena, nilikuwa mgeni tu, na mgeni lazima ale. Nikachinjiwa kuku. Nikapikiwa ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa yakaungwa kwa karanga, na nawaambia kweli, nimeomba namna ya kupika. Mtoto wake mkubwa, Shija, akaniandalia kitanda chake mwenyewe. Hakuna jambo jema nililonyimwa katika nyumba ile, isipokuwa lile moja lililonipeleka.

Asubuhi Kabula akanipeleka kaburini. Limefagiwa, limezungushiwa minyaa iliyokatwa vizuri. Ubavuni mwake kuna kaburi jingine.

"Hili la mama yetu," akasema. "Aliomba alazwe karibu na mwanawe."

Jamani. Nilisimama pale nikamchukia baba yangu kwa dakika kadhaa, kisha nikawachukia wakubwa zake, kisha Wareno, kisha nikakosa wa kumchukia. Bibi yangu amelala miaka yote hiyo ameukumbatia mchanga.

"Shangazi," nikamwambia, tukiwa wawili tu, "wewe unajua kwamba mle ndani mna mchanga."

Akanitazama machoni kwa mara ya kwanza. "Ng'wanone," akasema, "kaburi gani halina mchanga?"

Nikamsihi. Nikamwambia moyo wa baba umevimba, daktari ameshasema, si jambo la kungoja mavuno yaishe. Nikamwambia kwamba wale waliokuwa wakimwinda walishakufa, na nchi ile ya ng'ambo ya Ruvuma imeshapata uhuru, bendera yake inapepea hadi leo. Akaokota jani lililoangukia kaburi, akalitupa nje ya minyaa. Aliyekwenda amekwenda, akasema, twende tukanywe uji.

Basi nikaaga. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu mnaijua. Sikuomba hata namba ya Shija.

Bariadi hadi Singida

Nilisema treni basi. Nilikwenda stendi Bariadi kutafuta basi la Shinyanga na mbele, nimekaa juu ya begi langu najipangia maneno ya kumwandikia baba ubaoni. Nilikuwa nimefikia "amekataa" pikipiki iliponisimamia mguuni. Shija anaendesha. Nyuma yake amekaa Kabula, kitenge kipya, kapu la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa vibichi, na jogoo hai kwapani.

"Mama anakwenda kutibiwa macho Morogoro," Shija akaniambia. "Amesema wewe unamjua daktari."

Nilifungua mdomo. Kabula akanikanyaga kidole, kwa nguvu, nikaufunga.

"Namjua," nikasema.

Nikadhani tukishakaa ndani ya basi atanifungulia. Wapi! Nikaanza mimi, nikamweleza kwamba baba analala ubavu wa kulia, anachukia mlenda, anaimba akinyoa ndevu. Akatazama dirishani. "Marehemu kaka yangu naye alikuwa na kelele," akasema, akatafuna michembe yake mpaka Nzega.

Lakini nilikuwa nimeanza kumwangalia vizuri. Konda alipomwuliza anakwenda wapi, alijibu macho. Mama wa kiti cha nyuma akamwuliza, akaambiwa mjukuu amejifungua. Kijana mmoja mwenye maswali mengi alijibiwa Kisukuma kirefu mpaka akachoka, na kijana mwenyewe alikuwa Mchaga. Kila uongo ulitoka laini, na alikumbuka kila mmoja kampa upi. Nikajisemea, serikali ilimchukua mtoto asiye sahihi katika familia ile.

Singida tulishuka kula. Nikaagiza kuku, kuku wa Singida tena, nikamwekea minofu mizuri. Alikula polepole, na alipofika kwenye filigisi akaiweka pembeni, akaifunga kwenye karatasi, akaitia kapuni. Hata kwetu mwanamke wa zamani hali filigisi, ni ya mwanamume mkubwa wa nyumba. Lakini asiyekuwa naye humpa mtoto yeyote aliye karibu.

"Ya nani hiyo, shangazi?"

"Ya mbwa."

"Sisi hatufugi mbwa."

Akanawa mikono, akaifuta kwenye kitenge, akapanda basi. Nami nikabaki pale mezani nalia kama mjinga, mwenye hoteli ananiuliza kama pilipili imezidi. Ndipo nilipojua kwamba aliniamini tangu barazani, tangu nilipoinamisha magoti na yeye akaiona pua yake usoni kwangu. Kilichomzuia kusema sikukijua bado.

Nyumbani Kihonda

Tulifika mchana, jua kali. Baba alikuwa chumbani, amelala, amechoka kuliko nilivyomwacha. Ndugu zangu wote walikuwapo. Nilitaka kuingia kwanza nimwandikie ubaoni, moyo wake usije ukashtuka, lakini Kabula alinipita mlangoni kana kwamba nyumba ni yake. Akampa mdogo wangu jogoo. Akasimama mbele ya kitanda, wima, hakuinama na hakuamkia.

Baba alifumbua macho. Akamtazama sana.

"Lipi linasikia?" Kabula akauliza. Nikamwonyesha sikio la kushoto, linalosikia kidogo ukipiga kelele. Akaliinamia, akasema kwa sauti iliyotoka mpaka uani, na alisema Kiswahili ili sote tuwe mashahidi.

"Masunga! Kisimani uliniambia, hata akija mtu na salamu zako, nimkatae. Hata akija na picha yako, nimkatae. Hata akija mtoto wako wa kumzaa. Mpaka uje wewe, useme kwa kinywa chako kwamba yamekwisha. Nimengoja. Mama alinishika mkono akiwa anakufa, akaniuliza, 'Kabula, mwanangu aliumia sana?' Nikamwambia hakuumia. Sikumwambia jingine. Hukuja, Masunga. Nimekuja mimi. Sasa sema."

Sijawahi kumwona baba yangu hivyo. Alikuwa amesahau. Agizo alilompa msichana mdogo kwa haraka kando ya kisima, alilisahau yeye, akaishi, akaoa, akacheka na sisi, na mwenzake akalibeba kila siku kama ndoo ambayo hakuna aliyemtua. Alijaribu kukaa, tukamwinua.

"Yamekwisha, Kabula," akasema. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu baba alisema taratibu. "Mama... alikufa?"

Kumbe hata hilo hakuwa na uhakika nalo. Alikuwa amejizuia kuuliza, kwa sababu mtu asiye na kwao atamwuliza nani?

Kabula akakaa sakafuni, akaweka mikono kichwani, akapiga ukelele ambao sijui alikuwa ameuweka wapi. "Mayu! Mayu wane!" Na baba akaupokea. Mzee mzima, mwanajeshi, akilia kwa sauti yake ile ya kiziwi, anamwita mama yake kwa Kikwao, lugha ambayo hatukuwahi kuisikia kinywani mwake.

Majirani mkaja mbio, kanga viunoni, wengine wameshaanza kulia tangu getini. Mnakumbuka. Mama Rehema aliniwahi mlangoni akanikumbatia, akasema, "Pole, mwenzangu, mzee amepumzika."

Nikamwambia hapana, mzee yu mzima. Tumefiwa na bibi, mama yake baba.

Aliniangalia, akaangalia ndani, nikamwona anahesabu miaka kichwani. Lakini hakuuliza lini. Aligeuka, akawaambia wenzake walete mikeka.